Dada Tekla na Kisima cha Mwenyekiti

Nilichokiona kwanza kwa dada Tekla ni kwamba hamdanganyi mteja. Nilimpelekea suruali ya mtumba anipunguzie kiuno, nikamuuliza kama itanipendeza. Akaitazama suruali, akanitazama mimi. "Haitakupendeza, mwalimu. Ila nitaipunguza." Akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Ndivyo alivyo kwa kila mtu hapa kwetu Mbagala, na ndivyo alivyokosana na Mzee Revelian, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikristo. Mzee huyu alikuja kutoka Bukoba akawa mchuuzi wa vitenge. Serikali iliporuhusu biashara huria akapata duka, akajenga, kisha akachimba kisima uani kwake na kuwaambia majirani wote, Wakristo kwa Waislamu, wachote bure. Tulimshukuru sana. Lakini kisima kilikuwa upande wa chini wa kiwanja, na choo chake cha shimo kilikuwa juu, karibu mno. Watoto walipoanza kuhara, tulinong'ona. Dada Tekla peke yake ndiye aliyemwambia, tena mbele ya watu: "Mwenyekiti, choo kinashukia kisimani. Kifunge kabla hatujazika mtoto."

Tangu siku hiyo Mzee Revelian hakuitikia salamu yake, na watu waliendelea kuchota.

Katika jumuiya tuna desturi: baada ya somo, kila mmoja husema kilichomgusa, na anayeshirikisha habishiwi. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa sebuleni kwa mwenyekiti mwenyewe, na somo likawa la Mfalme Ahabu na nabii Mikaya. Manabii mia nne wanamwahidi mfalme ushindi. Mikaya peke yake anamwonya kwamba vita itamwangamiza, na mfalme anaamuru atiwe gerezani. Wengi tulisema tumeguswa na uvumilivu, na imani, na mambo mengine ya mbali. Zamu ikafika kwa dada Tekla.

"Mie nimeguswa na nguo," alisema. "Ahabu alijigeuza, akaenda vitani asijulikane kama mfalme. Sasa kama hakumwamini Mikaya, alikuwa anajificha nini? Naona alimchukia kwa sababu alimwamini. Yule alimsemea kwa sauti kitu alichokuwa anakijua moyoni."

Avelina, mke wa mwenyekiti, akashindwa kujizuia. "Ya Ahabu madogo! Huyu wangu anakunywa maji ya bomba la msikitini. Kila siku mie na ndoo kichwani, nazunguka nyuma ya nyumba nisionekane."

Tukaangua kicheko. Mzee Revelian akasimama. "Tekla! Wewe hujawahi kunisemea jema hata siku moja!"

Kicheko kikakatika. Lalamiko lile tulikuwa tumetoka kulisoma, kinywani mwa Ahabu. Mzee mwenyewe naye alilisikia. Akakaa, akapangusa uso kwa kiganja.

"Nilipofika mji huu nilikuwa naomba maji milangoni kwa watu, nafukuzwa," alisema taratibu. "Nikasema, nikijaliwa, watu watachota kwangu. Leo niseme maji yangu ni mabaya? Nitakuwa nimewapa nini?"

Nadhani hata wafalme wa Maandiko walikuwa na kitu kama hicho walichoogopa kunyang'anywa.

Dada Tekla hakumbembeleza. "Kiwanja changu kiko juu, na choo kiko mbali. Njoo uchimbe kwangu, mwenyekiti. Watu watajua ni wewe."

Kisima cha zamani kimeshafunikwa. Leo tumejaa uani kwa dada Tekla tangu asubuhi. Fransis, mchimbaji, amezama hatumwoni tena. Tunasikia sululu tu. Mzee Revelian anavuta kamba mwenyewe, shati limemganda mgongoni. Ndoo zote zilikuwa zinatoka na mchanga mkavu, lakini hii ya sasa ina mchanga wa baridi, unaoshikana kiganjani. Umepita mkono kwa mkono, kina mama wanaunusa.

"Fransis! Vipi huko?" mwenyekiti anainamia shimo.

"Subirini kwanza!"

Sululu inaanza tena, nasi tunasogea ukingoni kusikiliza.