Majani ya Vika Kwenye Kamba

Siosiana ni jirani yangu tangu tulipoolewa, na kwa mikeka hapa Vavau, visiwani Tonga, hana mpinzani. Mwenyewe ameniruhusu kuandika haya. "Andika yote, hata ubaya wangu," alisema. "Ila usije ukasema Vika anasuka kunishinda."

Vika ni wifi yake, dada wa mumewe Feleti. Kwetu dada wa baba ndiye mkubwa wa sherehe za watoto wa kaka yake. Mkeka bora ni wake, keki ya juu ni yake, wala hadaiwi kitu. Mtoto wa kwanza wa Siosiana alipotimiza mwaka, Siosiana alitoa mkeka aliousuka miaka miwili, laini kama kitambaa. Vika akaukunja, akaukalia, akala keki.

Kule kuukalia kulimkaa Siosiana rohoni miaka ishirini na miwili. Vika akiimba kanisani, Siosiana anakohoa. Vika akisifiwa kwa viazi vikuu vyake, Siosiana anasema udongo wa upande ule ni mzuri, hata mbuzi angelima. Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana nilidhani ni mzaha.

Mwaka juzi Ilaise, binti wa Vika, akachumbiwa. Vika, ambaye mikono yake si ya kusuka, akaandaa mwenyewe majani ya mkadi, yale tunayosukia, kwa mkeka ambao bibi harusi hujifunga kiunoni. Aliyachemsha, akayalaza baharini chini ya mawe, akayatoa meupe kama tui. Kikundi chetu cha kusuka kikashangaa.

"Siosiana, tafuta kazi nyingine," Kalala, mmoja wetu, akamtania. "Mwalimu mpya kaja."

Siosiana akacheka kwa meno tu.

Siku ya pili baada ya Krismasi majani yalikuwa kwenye kamba, Vika yuko shambani. Siosiana akaliona wingu kutoka dirishani. Kwetu mvua haiulizi majani ni ya nani: aliye karibu huyaanua. Ni hatua ishirini tu mpaka uani kwa Vika. Alishika komeo la mlango, akasimama hapo hapo kando ya dirisha mpaka matone ya kwanza yakapiga bati. Ikanyesha siku tatu. Majani yakaota ukungu mweusi, na mkadi ukishapata madoa hayo hautakati tena. Mengine yangechukua miezi, na mvua zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza.

"Jamani, hakukuwa na mtu karibu?" Kalala akauliza kikundini.

"Kila mtu na kazi zake," Vika akajibu, akaendelea kuchana majani ya kusukia.

Siosiana aliniambia kwamba siku ile furaha yake ilidumu mpaka chai ikapoa, basi.

Ikafika wiki ya maombi ya mwaka mpya, ile ya kwenda kanisani alfajiri kila siku. Siosiana alitubu Jumatatu, akarudi nyumbani, akauona uzio wa Vika, wivu ukampanda. Akatubu Jumanne, vivyo hivyo. Jumatano alikaa tu kwenye benchi, ameona aibu kuomba jambo lile lile. Kukapambazuka. Akawaza: hata leo Mungu amenifungulia siku. Miezi minane Feleti alipougua ng'ambo, mimi nikiwa na roho hii hii, hakuniacha hata asubuhi moja. Sasa mimi nimeshindwa hatua ishirini.

Alhamisi, tukitoka kanisani, alinikamata mkono. Tukapita kwake, akatoa chini ya kitanda furushi la majani yake meupe, aliyoyaweka kwa mkeka wa kuzikwa nao yeye mwenyewe. "Twende wote," akasema. "Peke yangu nitageuka njiani."

Vika alikuwa anakuna nazi.

"Wifi, nimekuletea majani ya Ilaise," Siosiana akasema. "Siku ile ya mvua nilikuwa dirishani. Nililiona wingu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nakimbia kutoka shamba, mvua ikaniwahi. Nilikuona dirishani, na kile kitambaa chako chekundu cha kichwani."

Siosiana akakaa chini. "Na siku zote hizi hukusema?"

"Nilifika mlangoni kwako nikusute. Nikakumbuka ule mkeka nilioukalia." Vika akakung'uta mbuzi ya nazi. "Niliukalia makusudi, wifi. Wewe una mikono, mimi nina cheo cha kuzaliwa tu. Ulidhani wivu unao peke yako? Mungu amenivumilia na hilo miaka yote, hajaniumbua mbele ya watu. Nikuumbue wewe kwa majani?"

Hakuna aliyelia. Vika alifungua furushi, akanusa. "Ni mazuri kuliko yangu," akasema, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza Siosiana aliyowahi kuipata kutoka kwake.

Tuliusuka mkeka sote, na baada ya Pasaka Ilaise akaolewa nao kiunoni. Siosiana alikaa karibu na Vika. Nikamwuliza kama moyo umetulia.

"Umetulia wapi," akaninong'oneza. "Hata kusamehe kanitangulia. Hilo nalo linaniuma."

Siku hizi wingu likitanda wawili hao hukimbizana kuanuliana majani. Juzi Vika aliwahi yote, hata ya kwangu. Siosiana alinuna mpaka jioni, kisha akampelekea viazi.