Moshi wa Mama na Panya wa Darini

Mama yangu aliniachia vitu viwili: kitabu cha sala kisicho na jalada, na mbegu ya mahindi. Ni mahindi meupe yenye punje za zambarau hapa na pale, na ugali wake una ladha ambayo unga wa dukani hauna. Ndugu zangu kijijini waliyaacha zamani. Wanapanda mbegu ya kununua. Mbegu ya mama ilibaki kwangu tu, hapa Lubumbashi. Kila mwaka baada ya mavuno nilichagua mahindi thelathini, nikayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza darini juu ya jiko, kama alivyofanya yeye.

Mwaka juzi, joto la mwezi wa tisa lilipoanza, tukasikia mbio juu ya vichwa vyetu tukiwa mezani, mchana kweupe. Kisha punje zilizotafunwa zikaanza kudondoka kwenye ufa wa mbao za dari. Mke wangu akaokota moja ya zambarau, akaiweka kando ya sahani yangu.

"Papa, bageni yako banakushukuru," alisema. "Banasema chakula iko muzuri."

Nilipanda ngazi. Kamba zilikuwa zinaning'iniza vigunzi vitupu. Kati ya thelathini, yaliyobaki mazima yalikuwa tisa.

Niliyashusha na kuyafungia ndani ya bidoni, dumu la plastiki lenye mdomo mpana na kifuniko. Baada ya wiki moja nilifungua nikakuta mawili yameota ukungu, kwa kuwa mbegu inataka hewa. Yakabaki saba, na mvua ilikuwa bado mbali. Nikayatundika kwenye msumari chumbani, juu ya kitanda, na asubuhi ya pili tukakuta kinyesi cha panya juu ya mto. Mke wangu hakutania tena. Alijua kwamba yakiisha hayo saba, hakuna mlango duniani ambapo ningebisha hodi kuomba mbegu ile.

Jirani yetu, mfanyabiashara wa maharage kutoka Kivu ya Kaskazini, alikuja na suluhisho lake.

"Muzee, weka sumu tu. Kesho bote bamekufa."

"Mbegu hii inaingia chunguni, na malimbuko yake yanaenda altareni," nilimjibu. "Siwezi kuiweka karibu na sumu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi ubabatize, katekista! Ukishabatiza panya, batafunga Kwaresima."

Nilicheka naye, ingawa moyo ulikuwa mzito. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na watoto wakaidi wamenizoeza kungoja. Nilingoja na kusali.

Jibu lilikuja asubuhi moja nikiwa na rozari mkononi. Nilikuwa namwona mama katika jiko lake, macho yanamtoka machozi, kuta nyeusi kama lami. Jiko lile halikuwa na dari. Moto wa kuni uliwaka chini tangu alfajiri, na moshi ulipita katikati ya mahindi kabla ya kutokea kwenye nyasi za paa. Sisi tunapika kwa umeme, tena chini ya mbao nilizozipigilia mwenyewe. Nilikuwa nimeiga kamba ya mama na kuusahau moto wake. Nilisema asante kwa sauti, hata mke wangu akauliza nimepokea nini.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, niling'oa ubao mmoja wa dari juu ya jiko. Chini yake niliweka mbabula, lile jiko letu la bati, nikawasha kuni na kutupia majani mabichi ya mkaratusi. Nje, mke wangu alisimama na jirani pamoja na karai la udongo wa kichuguu, tulioukanda na vioo vilivyopondwa ili panya asiutafune. Kazi yao ilikuwa kutazama ukingo wa manjanja, mabati yetu ya paa, maana panya mwenyewe angetuonyesha mlango wake.

Moshi ulijaa juu. Kwanza kimya. Halafu nikasikia kelele.

"Banatoka! Pale, ku kona!"

"Mama, na huku! Huyu iko munene sawa paka!" jirani alimwitia mke wangu.

"Usimuangalie, ziba!"

Nilitoka nikikohoa, nikawakuta wamepakaa udongo hadi viwikoni. Matundu yalikuwa matatu, na tuliyaziba yote. Idadi ya panya sikuijua. Mke wangu ndiye aliyehesabu, na hesabu yake inaongezeka kila anaposimulia.

Mchana tulikula tukitazama juu. Hakuna kilichokimbia. Sala ya kabla ya chakula niliifanya ndefu kwa shukrani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenikumbusha kwamba ugali unapoa.

Ubao ule sikuurudisha. Yale saba yalirudi kwenye kamba, na kila siku ya posho mke wangu alipika maharage kwa kuni chini yake, huku akilalamika kwamba nywele zake zinanuka kijiji. Mvua zilipokuja, tulipanda mpaka punje ya mwisho.

Siku ya mavuno nilibeba kikapu hadi altareni, na zambarau ilionekana toka viti vya nyuma. Jirani alinifuata mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Muzee, nipe na mimi mbili za mbegu."

"Panya wako wameshabatizwa?"

Nilimpa mahindi manne. Mengine thelathini yako darini, meusi kwa moshi, kama ya mama.