Godoro Jekundu la Mama Bo-ram

Ukitaka ugomvi na Tak Mal-sun, mwambie alale kitandani. Atakutolea macho. "Kitanda ni cha hospitali," atasema, "na mimi huko nishatoka." Maisha yake yote amelala sakafuni kama mama yake na bibi yake, juu ya godoro jembamba la pamba, mabomba ya maji ya moto yakipita chini ya sakafu na kumkanda mgongo. Na tangu alipopasuliwa uti wa mgongo mwaka jana, sakafu ile ndiyo ikawa dunia yake nzima.

Mgongo wenyewe ulimharibikia jikoni. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Wonju: anainama, ananyanyua sufuria la wali wa shule nzima, anageuka, anainama tena. Siku moja aliinama, kuinuka kukamshinda, wenzake wakambeba na aproni yake. Madaktari walifanya kazi nzuri, hilo hata yeye hakatai. Walisema atembee, na kutembea anatembea. Kilichomshinda ni kulala mahali pengine. Harusi ya mpwa wake kule Busan hakwenda, kisa hotelini kuna vitanda. Kwa binti yake Bo-ram, Seoul, huenda asubuhi akarudi jioni ile ile, akisingizia kazi. Kazi gani, na mtu alishastaafu?

Mumewe, Maeng Yong-bae, ni wa aina nyingine kabisa. Alikuwa tarishi wa posta, na miguu yake iligoma kustaafu. Kila mwezi hubeba shanta na hema, anapanda mlima, analala huko, na kesho yake anarudi ananuka jasho na majani, kicheko mdomoni. Akiwa kule juu humtumia mkewe picha: mawingu yametanda chini, jua linachomoza. Akirudi anauliza, "Umeziona?" Mal-sun anajibu, "Nimeziona," na kuendelea kukata figili. Asichosema ni kwamba mume akiwa hayupo huzifungua picha zile tena na tena, mpaka chai inapoa.

Jioni moja ya vuli, wakiwa mezani, Yong-bae akajikaza.

"Mama Bo-ram, safari hii twende wote."

"Wapi?"

"Mlima Seonjaryeong. Njia yake haina taabu. Hata bibi kizee anapanda."

"Bibi kizee ndiye mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Nimesikia kwa masikio yangu mawili."

Yong-bae akainamia supu yake, akijua ameshaharibu. Lakini Mal-sun aliweka kijiko chini, akatazama ukutani, akasema, "Usiku mmoja. Mgongo ukikubali, sawa. Ukikataa, hema unampa Bwana Pyo wa ghorofa ya juu, si kila siku analiulizia? Na habari za mlima zisisikike tena humu ndani."

"Nimekubali!" Yong-bae alisema upesi, asije akabadilisha mawazo.

Hakujua mkewe anaogopa nini. Mal-sun hakuogopa mlima, wala baridi, wala nguruwe mwitu. Aliogopa kwamba mgongo ukimkatalia safari hii, hatathubutu tena kujaribu kitu chochote, na atabaki pale sakafuni mpaka watu waje kumtoa wamembeba. Hilo hakumwambia mtu.

Basi mambo yote yakawa juu ya godoro. Kwenye duka la vifaa vya mlima dada muuzaji aliwapokea vizuri. Akaanza na la sponji la kukunja. Mal-sun akalala juu yake palepale dukani, mbele za watu, akainuka akasema hilo ni ubao. Dada akatoa mawili ya kujaza upepo, moja jekundu, moja la kijivu.

"Mama, haya unene ni ule ule, na yote mawili yatakubeba vizuri kiunoni," akasema. "Ila hili la kijivu ndani lina karatasi za kung'aa zinazozuia baridi. Kwa vuli hii, na kule juu, chukueni mawili, yote ya kijivu."

"Na bei?"

"La kijivu limezidi kidogo."

"Nilijua!" Mal-sun akamgeukia mumewe. "Umewahi kuona muuza duka akakwambia kinachokufaa ni kile cha bei rahisi?"

Dada wa watu hakukasirika. Alicheka tu, akasema wachukue moja moja wakayajaribu nyumbani. "Lakini mama, mimi nimesema," akaongeza huku akifunga mzigo. Na kusema alisema, jamani. Tusije kumlaumu.

Nyumbani Mal-sun akawasha moto wa sakafu kama kawaida yake, mpaka nyayo zikawa haziwezi kutulia. Yong-bae akayajaza magodoro, akayatandika sambamba. Mwanamke akaanza na la kijivu. Kila akijigeuza, zile karatasi za ndani zinalia kwacha kwacha, kama mtu anakula bisi sikioni mwake. Akajifunika, akatulia, akangoja joto la sakafu limfikie kama linavyomfikia siku zote. Akangoja weee. Joto halikuja.

"Hili limekufa," akasema. "Ni maiti. Weka mkono hapa pembeni uone."

Yong-bae akaweka mkono. Kweli, lilikuwa limepoa.

Akahamia jekundu. Halikupiga kelele. Lilikuwa laini, na pole pole joto likapanda, likamwingia kiunoni, likasambaa mpaka mabegani. Mal-sun akafumba macho. "Ndilo hili. Hili lina joto la kweli."

"Lakini yule dada alisema..."

"Yule dada mgongo wake mzima! Mgongo ni wangu, na mchaguaji ni mimi."

Yong-bae akaligusa jekundu: moto. Akaligusa la kijivu: baridi. Angesema nini sasa, na mkono wake mwenyewe ndio shahidi? Akasema basi, la kijivu atalilalia yeye, mtu asiye na makuu.

"Pole yako," Mal-sun akamwambia, na alimwonea huruma kweli.

Walipanda mlimani mwezi wa kumi na moja, vyakula vimekwishaandaliwa nyumbani, maana kule juu kuwasha moto ni marufuku: viazi vitamu vya kuchemsha, wali uliovingirishwa kwa mwani, chupa ya chai ya shayiri. Mal-sun alipanda kwa mwendo wake, fimbo mkononi. Yong-bae kila mara anageuka kuuliza, "Vipi mgongo?" mpaka akaambiwa akiuliza tena atarudi chini peke yake. Jua lilipozama walikuwa wamekwishafika kileleni, mitambo mikubwa ya upepo ikizunguka juu yao, na mbali kabisa bahari imelala. Mal-sun alisimama akaitazama mpaka pua ikawa nyekundu. Kufika saa mbili usiku walikuwa ndani ya hema, kila mtu katika mfuko wake wa kulalia.

"Unaonaje?" Yong-bae akauliza gizani.

"Raha tupu."

Na kwa muda kidogo ilikuwa kweli. Halafu kitu kikaanza kumpanda kutoka chini. Kwanza makalioni, halafu kiunoni, halafu mabegani, njia ile ile liliyopitia joto la nyumbani. Akaongeza soksi. Akavaa koti ndani ya mfuko. Wapi!

"Mama Bo-ram, ni nini hicho kinagonga?"

"Kipi?"

"Kama cherehani."

"Upepo huo."

"Upepo uko nje. Hicho kiko humu humu."

Mal-sun akauma meno yasigongane. Heri afe kuliko kukiri, na godoro alilichagua mwenyewe kwa maneno makubwa namna ile. Lakini mgongo haujui kiburi. Misuli ya kiunoni ikaanza kukaza, taratibu, vile vile ilivyokuwa ikikaza siku za jikoni. Ndiyo basi, akajisemea. Akamwona Bwana Pyo akipanda ngazi na hema begani, akaiona sakafu yake ikimngoja nyumbani, na machozi yakamlenga. Iliuma. Iliuma kuliko mgongo wenyewe.

"Na wewe huko?" akauliza, walau apate mwenzake wa shida. "Umeshaganda?"

"Mimi? Nimefungua zipu. Jasho linanitoka."

"Acha uongo wako."

"Njoo ushike."

Akatoa mkono, akaupenyeza chini ya mgongo wa mumewe, akaligusa lile godoro la kijivu. Lilikuwa na joto. Lile lile alilolipa jina la maiti! Akauacha mkono palepale, akawaza.

"Baba Bo-ram. Nyumbani kwetu moto unatoka wapi?"

"Chini ya sakafu. Kwani hujui?"

"Na hapa chini kuna nini?"

Yong-bae akapapasa sakafu ya hema: barafu. Halafu akasema, "Ala!"

"Jekundu linapitisha," Mal-sun akasema. "Nyumbani lilipitisha moto, nikalisifu. Hapa linapitisha baridi. La kijivu halipitishi kitu, likaonekana halifai."

"Kwa hiyo yule dada wa dukani..."

"Usimtaje!"

Kicheko kikamshika. Kilimwanzia tumboni kikamtikisa mpaka hema likatikisika, na mumewe akakidaka, wakacheka wote wawili mpaka mtu wa hema la jirani akakohoa kwa makusudi. Yong-bae alikuwa ameshaketi, anajitoa kwenye godoro lake.

"Haya, hama. Njoo huku."

"Na wewe?"

"Mimi nimegawa barua kwenye theluji ujana wangu wote." Akatandaza chini ya jekundu kila alichokuwa nacho: koti la mvua, shanta mbili zilizokuwa tupu, hata mfuko wa viazi.

"Ukigandia huku nitamwambia nini Bo-ram?"

"Mwambie mama yake ndiye aliyechagua godoro."

Mal-sun akalala juu ya la kijivu. Likalia kwacha kwacha, lakini safari hii hakulitukana. Hapakuwa na moto wowote chini yake. Joto aliloanza kulisikia lilikuwa la mwili wake mwenyewe, ila sasa halikupotea. Misuli ya kiunoni ikalegea. Alikusudia kumuuliza mumewe kama yu salama, lakini usingizi ulimwahi.

Alipofumbua macho, kitambaa cha hema kilikuwa cha rangi ya chungwa. Hakuinuka mara moja. Alijigeuza ubavu mmoja, akangoja maumivu. Akajigeuza wa pili, akangoja. Mgongo ulinung'unika kidogo kama kila asubuhi, kisha ukanyamaza. Basi akainuka, akafungua mlango wa hema, na mawingu yale ya kwenye picha yalikuwa pale chini, yametanda, jua linatokea juu yake. Akalia, na hakuona haya kulia.

Yong-bae alikuwa amejikunyata pembeni amevaa nguo zote alizobeba, pua nyekundu, macho mekundu. Hakulitazama jua hata kidogo. Alikuwa akimtazama mkewe kama mtu anayengoja hukumu.

"Mgongo?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Mal-sun akanyoosha mkono. "Nipe simu," akasema. "Bwana Pyo huamka mapema."

Sura ya Yong-bae ikaanguka, maskini, lakini simu akampa.

"Bwana Pyo? Mimi hapa, Mama Bo-ram. Ndiyo, ni upepo huo, niko mlimani. Sikiliza, ni habari ya lile hema. Sahau. Halitoki." Akamtazama mumewe, ambaye mdomo ulikuwa wazi. "Ila nina godoro la kujaza upepo, jekundu, jipya kabisa, nakupa bure. Usilipeleke mlimani, nakuonya. Litandike sakafuni kwako, washa moto, lala. Kwa nyumbani halina mfano." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Hapana, mimi sitalihitaji. Siku hizi sishindi nyumbani."