Anyait wa Adungosi na Kibanda Kilichopakwa Rangi

Mwaka ule mvua ya masika ilipokataa kunyesha, malori ya chakula cha msaada yalifika mpaka uwanja wa misheni pale Amukura, nasi watoto wa shule tukapangwa foleni, kila mmoja na bakuli lake. Padre mmoja mzee alipita akitugawia maziwa ya unga kwa kijiko kikubwa. Anyait alikuwa madarasa ya chini, msichana mwembamba aliyependa kusimama mwisho wa mstari ili awaone wengine. Padre alipomfikia, Anyait hakunyoosha bakuli. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, maziwa yale yalitoka kwa ng'ombe wa nani, na mwenye ng'ombe hao alitaka nini.

Padre alicheka mpaka akatoa leso. Mwalimu wetu hakucheka. Alimwadhibu Anyait kwa kumfagiza kanisa. Alifagia kanisa lote, pamoja na nyuma ya madhabahu, akarudi uwanjani na kuuliza tena. Alipojibiwa kwamba ng'ombe walikuwa wa watu wa mbali ambao hawakutaka kitu, alikunywa maziwa yake polepole, lakini uso wake ulionyesha kwamba bado hajaridhika.

Msichana huyo alikua, akaolewa Adungosi, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba, na akawa mjane mapema. Dada yake naye alipofariki, alimwachia mtoto wa kiume, Robinson, ambaye Anyait alimlea kama wake. Kwa Kiteso mama huitwa toto, na dada ya mama ni toto vilevile. Robinson hakumwita kwa jina lingine. Kibanda cha Anyait cha chai na njugu za kuchemsha ndicho kilichomlisha na kumsomesha. Alipokuwa kijana alinunua baiskeli, akawa anabeba abiria na mizigo pale mpakani Malaba, na miguu yake ikawa kama nguzo za daraja.

Kiwanda kimoja cha unga, nitakachokiita Mapambazuko, kilianzisha mashindano ya waendesha baiskeli za mizigo kutoka Busia hadi Malaba. Kila mshindani alibeba mfuko wa unga wa kampuni nyuma ya baiskeli yake, na aliyeangusha mfuko alitolewa. Robinson alishinda mara ya kwanza, akashinda tena na tena. Kampuni ikamvalisha jezi ya rangi ya chungwa, ikampa baiskeli mpya badala ya ile yake, ikamlipa mshahara, ikachora uso wake kwenye kuta za maduka kuanzia Malaba mpaka Sigalame. Watoto walimwimba. Anyait alifurahi, kwa namna yake: kila alipopita mbele ya uso ule ukutani aliutazama kama mtu anayekagua noti.

Mashindano ya mwaka juzi ndiyo yaliyoleta haya ninayoyaandika. Kabla ya kufika Adungosi barabara hupanda kidogo, na kibanda cha Anyait kiko karibu na kilele cha mwinuko huo. Baiskeli mbili zilitokea zikiwa zimewaacha wengine mbali nyuma. Ya kwanza ilikuwa ya Robinson. Ya pili ya Bilal, kijana wa mjini Busia, mtoto wa Safia mwenye duka la mchele. Lori la saruji lilikuwa likipanda taratibu. Robinson alinyoosha mkono, akashika kamba ya turubai nyuma ya lori, akavutwa. Waendesha baiskeli wetu hufanya hivyo kila siku wanapobeba mizigo mizito, wala hakuna anayewalaumu. Lakini haya yalikuwa mashindano. Bilal alisukuma kwa nguvu zote akawa sambamba naye, akampigia kelele aachilie. Robinson hakuachilia. Alinyoosha mguu, akalipiga teke gurudumu la mbele la Bilal. Bilal akaingia mtaroni, mfuko ukapasuka juu yake, na paja likavunjika. Robinson aligeuka mara moja kutazama, kisha akaenda zake na lori.

Anyait ndiye aliyemfunga Bilal mguu kwa leso na vijiti. Hapakuwa na shahidi mwingine. Lori lilivuka mpaka likaingia Uganda.

Jioni hiyo Robinson alikuja na kombe lake.

"Toto, uliniona?"

"Nilikuona."

"Watu wakikuuliza?"

"Hawajaniuliza bado. Kula kwanza."

Alikula bila kuinua macho. Mjini Busia, Bilal alisema yote akiwa kitandani hospitalini, lakini nani humwamini aliyeshindwa? Ikasemwa ana wivu. Baadaye ikasemwa kwamba ni yeye aliyeshika lori, na waandalizi wa mashindano wakamzuia asishiriki tena. Kampuni ilitoa tangazo fupi la kumtakia afueni, ikaongeza kwamba inasubiri uchunguzi. Hakuna aliyejua nani anauchunguza.

Badala ya mchunguzi, alikuja Geoffrey, afisa wa kampuni, kijana mwenye adabu na viatu visivyojua matope. Anyait alikuwa ametoka sokoni. Alipofika alikuta mafundi wawili wamekwisha kukipaka kibanda chake rangi ya chungwa kuanzia juu hadi chini, na wa tatu anachora uso wa Robinson kwenye ubao wa mlango.

"Mama, ni zawadi," Geoffrey alisema. "Kampuni inawathamini watu wake."

"Mimi ni mtu wenu tangu lini?"

"Mama wa bingwa ni mama yetu."

"Bingwa ameshinda miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa mama yake miaka yote hiyo. Mbona rangi imefika juma hili?"

Geoffrey alicheka, akamwita mama tena, akaacha katoni ya unga mlangoni. Anyait hakuigusa. Kuku wa jirani ndio walioitoboa.

Huko ndiko kampuni ilikokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu asingelifanya. Walidhani kibanda kilichopakwa rangi humfunga mdomo mwenye kibanda. Hawakujua kwamba kibanda cha kando ya barabara husomwa na kila apitaye. Kabla ya juma kwisha, madereva wa boda walikuwa wakimwita "mama Mapambazuko," na wanywaji chai wa zamani wakahamia kwa jirani. Safia mwenyewe alikuja kutoka Busia, akasimama nje, akakataa kuketi.

"Dada, mtoto wangu anasema wewe ndiye uliyemfunga mguu."

"Ni mimi."

"Nikasema, basi kuna mtu mmoja mwenye macho. Nakuja nakuta hata kibanda kimevaa jezi."

"Sikuwaita."

"Wala hukuwafukuza." Akajifunika ushungi vizuri, akapanda boda, akaondoka.

Sijui usiku huo Anyait alilala vipi. Hajawahi kuniambia, nami sikumwuliza. Ninalojua ni kwamba tangu hapo alikuwa na shaka na kila mtu: na Geoffrey, na Safia aliyemdhania vibaya, na Robinson aliyeanza kumletea sukari bila kuombwa, na hata moyo wake, kwa kuwa alimpenda kijana yule.

Shangwe za ushindi zilifanyika Amukura, kwa mzee Egwang, kaka wa Anyait na wa marehemu dada yake. Kwetu Teso shangwe haina maana bila ajon, pombe ya nafaka ya wimbi, ambayo hunywewa na wengi kutoka mtungi mmoja kwa mirija mirefu. Na hakuna mgeni anayeingiza mrija wake kabla mwenye mtungi hajavuta wa kwanza mbele ya wote, ili kila mtu aone kwamba hapana sumu. Egwang alivuta, akameza, akapangusa mdomo. Ndipo wengine wakafuata. Geoffrey alikuwapo na mpiga picha. Alisifu sana desturi ile, akasema inafaa kutiwa kwenye tangazo.

Kisha akamgeukia Anyait. "Mama, maneno mawili tu mbele ya kamera. Kwamba ulikuwa pale, na Bilal alianguka mwenyewe. Tuzime hizi porojo."

Mirija ilitulia. Robinson alitazama miguu yake.

"Haya maneno ni mtungi wa nani?" Anyait aliuliza.

"Sijaelewa, mama."

"Umeyaleta wewe. Basi yaonje kwanza. Simama hapo, taja jina lako na la kampuni yako, useme Bilal alianguka mwenyewe. Ukimeza, mimi nitafuata."

Watu walianza kucheka chini kwa chini. "Vuta, boss!" kijana mmoja alipaza sauti. "Ama kuna kitu ndani?"

"Mimi sikuwapo," Geoffrey alisema. "Kampuni haiwezi kusema jambo ambalo haikuliona."

"Lakini mimi niliyeliona niseme ambalo halikuwapo."

Egwang aliuchomoa mrija wake mtungini, akauweka begani. Kwetu hiyo ni kusema kwamba kinywaji kimekwisha kuharibika. Mzee mwingine akachomoa wake, na mwingine. Ndipo Anyait alipoeleza, bila kupandisha sauti: lori, kamba, teke, mtaro. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kamba ile ya lori ilikuwa na kitanzi mwishoni, saizi ya mkono.

"Turubai halihitaji kitanzi cha mkono," alisema. "Nani alikifunga?"

Geoffrey alimwambia mpiga picha azime. Lakini simu nyingi za watu zilikuwa zimekwisha kuwaka, zikirekodi.

Baada ya hapo kampuni iligeuka haraka kuliko nilivyopata kuona. Asubuhi chache tu, na uso wa Robinson ulifunikwa chokaa kila mahali. Tangazo jipya likasema kwamba Mapambazuko haivumilii udanganyifu, kwamba mkataba umevunjwa, na kwamba kampuni yenyewe ndiyo iliyokuwa ya kwanza kudai ukweli. Walimpelekea Bilal maua hospitalini, wakampiga picha nayo. Kuhusu kitanzi, hakuna tangazo lililotaja neno.

Geoffrey alirudi Adungosi, mwenye adabu ileile.

"Mama, umekuwa mfano. Tunataka sura yako pale mlangoni. Tutaandika: Ukweli Hauchakachuliwi, Kama Unga Wetu."

Anyait alimmiminia chai, maana mgeni ni mgeni. "Na chokaa mmeibeba leo, au mtaileta siku nikiwaudhi?"

"Mama, hatuwezi—"

"Yule kijana mlimpaka kwa miaka, mkamfuta kwa asubuhi chache. Hamkuja hata kumwuliza amekula nini. Kunywa chai yako, mwanangu. Hiyo nayo ni shilingi kumi."

Geoffrey alilipa, akaondoka. Robinson wakati huo alikuwa amejifungia katika nyumba iliyo nyuma ya kibanda. Baiskeli ilikuwa ya kampuni nayo imechukuliwa, na wale waliomwimba walimzomea barabarani. Anyait alimpelekea chakula na kukaa kizingitini mpaka amalize.

"Ni nani aliyefunga kitanzi?" alimwuliza siku moja.

"Toto, usiniulize hilo."

"Nitakuuliza kila siku. Lakini kosa lako si la kitanzi. Lako ni la mguu."

Alhamisi iliyofuata Anyait alifunga kibanda, akavaa gauni lake la kanisani, akamtangulia Robinson mpaka Busia, kwenye duka la Safia. Bilal alikuwa ndani, magongo yake yameegemezwa kwenye magunia. Safia hakuwakaribisha, wala hakuwafukuza. Robinson alisimama mbele ya mama na mwana, akasema alilofanya, tangu kamba mpaka teke, bila kumtaja mtu mwingine yeyote. Anyait alisubiri mpaka alipomaliza, akanunua mchele, akapanda gari la kurudi Adungosi, na kumwacha Robinson pale ajibu atakaloulizwa.