Mzigo Gani?

Ukiuona mzizi wa jinsengi, dawa ya thamani, katika milima ya Changbai, huutaji kwa jina lake. Unapaza sauti: "Mchi!" Mwenzako aliye ng'ambo ya pili ya miti anauliza: "Mzigo gani?" Unataja idadi ya majani, anashangilia, ndipo mnachimba. Asipokujibu mtu, mlima haujakupa kitu.

Luan Fuhai alijibiwa na Chi Dezhong kwa miaka thelathini na minane. Kisha Dezhong akafa kwa ugonjwa wa mapafu, na tangu hapo Fuhai alikuwa ameiacha mizizi mitatu ardhini. Kijijini walimcheka. Mwanawe aliyeko mjini akampa neno la mwisho: vuli hii akirudi tena mikono mitupu, ahame mlimani.

Asubuhi hiyo aliuona wenye majani sita. Wa namna hiyo alikuwa ameuona mara moja tu maishani. Akaita. Kigong'ota akagonga mti, basi. Akaita tena. Akajaribu kujijibu mwenyewe, akaona aibu kama mtu aliyefumaniwa akiongea na sufuria. Upweke ukamuuma kwelikweli, akalia. Halafu akaufunga mmea uzi mwekundu usije ukamtoroka, maana mizizi hiyo husemwa hukimbia, akateremka mpaka kwa Mama Chi, mjane wa Dezhong, akamkuta anaanua uyoga.

"Shemeji, njoo unijibu."

"Mlimani? Mimi mwanamke? Si mlisema tunatia nuksi?"

"Tulisema mengi."

"Na magoti haya utayabeba wewe?"

"Nitayabeba."

"Thubutu! Mifupa mitupu hiyo, tutazikwa pamoja. Ngoja nivae viatu."

Walipanda mpaka jua likapita utosini. Mmea ulikuwepo, na uzi wake. Mama Chi akajitupa juu ya gogo, akihema.

"Haya, ita."

"Mchi!"

"Mzigo gaaani?"

Fuhai akageuka ghafla. Lile "gani" Mama Chi alilivuta vilevile alivyokuwa akilivuta Dezhong.

"Nani kakufundisha?"

"Nani tena? Miaka yote hiyo alikuwa akikujibu usingizini, hata kulala nilikuwa silali. Sema basi, majani mangapi?"

Fuhai akainamia mmea. Asubuhi alikuwa ameyahesabu mara nne, lakini sasa ilimbidi afute macho, ayahesabu tena, ndipo akaita: "Sita!"