Baba alisema kioo cha simu ni giza, nikambadilishia simu hadi nikaishiwa simu za kumbadilishia

Wakuu, kwema huko mliko? Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba.

Wengi humu jukwaani mnanijua kwa nyuzi za kulinganisha simu. Ile ya "chukua hii, achana na ile" ni mimi. Ile ya betri kubwa dhidi ya chaja ya haraka, iliyofika mahali watu wakatukaniana wazazi, nayo ni yangu.

Leo nakuja na simu hizohizo, ila mniwie radhi, sina utani mwingi. Haya yametokea kwetu. Sijaongeza kitu, maana hata nguvu ya kuongeza sina.

Kwa wasionijua, mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina duka dogo la simu hapa Kilwa Masoko. Nauza mpya na zilizotumika, nabadilisha vioo, nabandika protekta za kulinda kioo. Kwetu ni Miteja, Baba na Mama wapo kule wanalima ufuta na mihogo.

Sasa Baba.

Baba ndiye msomaji wa meseji pale kijijini. Hakuna aliyemteua. Wazee wengi wa rika lake hawakukaa sana shule, yeye alikaa. Tangu enzi za vitochi, zile simu ndogo za vitufe, mzee akiingiwa na meseji anaibeba simu yake mpaka barazani kwetu.

Baba anaishika mbali kidogo na uso. Anaisoma kwanza kimoyomoyo. Halafu anakohoa, ndipo anaisoma kwa sauti.

Kule kusoma kimoyomoyo kuna sababu. Kama meseji ni ya msiba, Baba hamsomei mtu akiwa amesimama. Anakwambia kaa. Kisha anamwita Mama alete maji. Ukishakunywa, anakusomea taratibu. Sisi watoto wa pale tukisikia "Mama Zuhura, lete maji" tulikuwa tunaacha kucheza wenyewe bila kuambiwa. Zuhura ndiye mimi.

Najua kuna watakaosema siku hizi kila mzee ana mjukuu wa kumsomea. Anaye, lakini mjukuu anapayuka. Siri za nusu ya kijiji anazo Baba na hajawahi kumwambia hata Mama, jambo ambalo linamuudhi Mama mpaka kesho.

Basi, msimu mmoja baada ya kuvuna ufuta Baba akanipigia.

"Zuhura, hii simu uliyonipa kioo chake giza."

Wakuu, mimi mtu akiniambia kioo giza nafurahi. Hayo ndiyo maneno yangu. Simu yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, na nilijua kioo chake juani hakifai. Nikachukua nyingine yenye kioo kizuri zaidi, nikamwekea maandishi makubwa, nikampa konda wa basi ampelekee.

Akashukuru sana. Haukupita muda mrefu akapiga tena. Simu nzuri, inakaa na chaji, ila nayo giza kidogo.

Nikampelekea ya kioo cha AMOLED, kile chenye rangi kali. Nikaambiwa ni nzuri, rangi zake zinapendeza, ila ukikaa nayo barazani haionekani vizuri.

Wale wakongwe mtakumbuka nilileta uzi humu kuuliza simu gani kioo chake kinang'aa kuliko zote kwa mzee anayekaa juani. Mlinisaidia sana. Mkapambanisha nits, vile vipimo vya mwanga wa kioo, mkaweka picha za simu zikiwa juani. Mkuu mmoja akaandika, hiyo uliyompa mbona hata kipofu anaona. Tulicheka wote. Mimi nilimjibu kwa kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Simlaumu, alikuwa anatania kama tunavyotaniana siku zote. Ila ule uzi siwezi kuufungua tena.

Mwisho nikampa simu niliyokuwa nimejiwekea mwenyewe. Dukani kwangu hapakuwa na kioo kinachong'aa kuliko kile. Baba akapiga simu, sauti imechangamka.

"Hii sasa ndiyo yenyewe. Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie."

Nikajua tumemaliza.

Kisha wateja wa Miteja wakaanza kuja dukani. Mmoja baada ya mwingine, wote wanataka kubadilishiwa kioo. Nikiwasha simu naona nzima. Nikiuliza nani kasema kioo kibovu, jibu ni moja: mzee wako kasema kimekufa, hakisomeki.

Nilianza kwa kucheka. Nikamwambia mume wangu Baba siku hizi ananitafutia wateja.

Siku aliyokuja Bi Somoe ndiyo kicheko kilikatika. Huyu ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, mwanawe wa pekee yuko Dar. Amepanda basi kutoka Miteja mpaka Nangurukuru, akapanda lingine mpaka hapa, mkononi kashika kitochi chake amekifunga kwenye leso.

"Mwanangu, baba yako kasema kioo hiki kimekwisha. Nina meseji ya mwanangu humu, mwezi huu wote nashindwa kusomewa."

Nikakiwasha. Kioo kizima, maandishi meusi tii. Nikaisoma pale pale. Mwanawe alimwandikia kuwa mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike, na wamempa jina la bibi yake. Somoe.

Yule mama alikaa kwenye kiti changu akalia kwa furaha. Akaniomba niirudie, nikairudia. Halafu akajifuta machozi akaniuliza, "Kwa nini baba yako asinisomee jambo zuri kama hili?"

Baba anapenda kusoma meseji za uzazi kuliko kitu chochote. Huwa anazisoma huku amesimama.

Alipoondoka nikampigia Baba video call. Mwanangu Nasra yupo pembeni, anataka kumwona babu yake. Bando lilikuwa linaishia na mtandao unakwamakwama, nikazima kamera ya upande wangu ili angalau sauti ipite. Mimi nilikuwa namwona, yeye upande wake palikuwa peusi tu.

Nasra akauliza, "Babu, unaniona?"

Baba akasogeza simu usoni. Akatabasamu.

"Nakuona mjukuu wangu. Umependeza. Umefanana na bibi yako."

Wakuu, nilikata simu. Nikamwambia Nasra mtandao umekata. Nikaingia nyuma ya duka nikakaa kwenye maboksi.

Kesho yake sikufungua duka. Nikapanda basi la asubuhi.

Nilimkuta barazani pale pale pake. Ile simu yangu inayong'aa iko pembeni yake juu ya mkeka, protekta haina hata mchubuko. Nilisimama mbele yake makusudi bila kusema kitu. Akaendelea kuangalia barabarani. Nikashindwa kuvumilia.

"Shikamoo Baba."

Akageuka haraka. "Marahaba. Zuhura? Mbona hukusema unakuja?"

Nikamwambia Bi Somoe alikuja dukani. Nikamwambia kitochi chake kizima. Nikamwambia na ile ya jana, kwamba kamera nilikuwa nimeizima.

Akapapasa mkeka mpaka akaipata ile simu, akaishika mbali kidogo na uso kama anavyofanya siku zote. Akakohoa.

"Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa." Halafu akageukia mlangoni. "Mama Zuhura, lete maji."

Nililia kabla maji hayajafika. Mama aliyaleta, akamtazama Baba, akanitazama mimi, akakaa chini na yeye. Hakuwa anajua. Mimi na Mama tulikunywa kikombe kimoja.

Ndipo akatusomea habari yake mwenyewe. Kwamba baada ya ile simu ya mwisho, madaktari wa macho walipopita kijijini kupima watu na yeye alikwenda, akamuaga Mama anakwenda kuulizia pembejeo. Wakamwambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kwa wakati ule kilikuwa kidogo. Sasa anatofautisha mchana na usiku, basi.

Nikamuuliza kwa nini alikuwa ananiambia kioo giza.

"Nilikuwa naona giza kweli, sikukudanganya. Kila ukileta mpya nasema labda hii." Akaigeuza simu mkononi. "Hii ya mwisho nilivyoiwasha nisione kitu, nikajua si simu. Nikaona ulivyohangaika, nikasema nikwambie ni nzuri."

Mama alimgombeza wee, kwa Kimatumbi, mpaka akaishiwa. Kisha akaenda kumpikia.

Hospitali kubwa tumeshampeleka. Jibu ni lilelile. Matone anatumia, Mama ndiye anayemwekea. Kwa hiyo wale mtakaotaka kunishauri majani na asali, nawaheshimu, ila tusirudi huko.

Najua nimewachosha. Niseme nililojifunza, halafu niwaulize swali langu, maana huu bado ni uzi wa simu.

Mzazi wako akikwambia kioo giza, maandishi yanakimbia, simu hii haina mwanga kama ile, usianze na nits. Mpeleke akapimwe macho kwanza. Simu itasubiri. Na ninyi wenye maduka, mzee akija mara ya pili na malalamiko yale yale, muulize na barabarani anaonaje. Siku hizi mimi nauliza. Wawili tayari nimewaelekeza hospitali bila kuwauzia kitu.

Sasa swali.

Nilimwashia Baba ile huduma ya simu kusoma maandishi kwa sauti. Kiswahili cha sauti yenyewe kimenyooka mno, lakini kinaeleweka. Tukawapa ndugu wa majirani walioko mjini namba ya Baba, wawe wanatuma kwake. Barazani pakachangamka tena. Meseji ya Bi Somoe kuhusu mjukuu ilitumwa upya makusudi, Baba akaisema upya kwa maneno yake, akasimama kabisa.

Halafu ikaja nyingine. Mzee mmoja jirani alipita kusalimia, bado yuko wima, mkono wake uko mkononi mwa Baba. Simu ikalia, Baba akaigusa, na ile sauti ikasoma yote mpaka mwisho kwamba mdogo wa huyo mzee amefariki. Iliisoma vilevile inavyosoma salio.

Mzee aliishia chini kwenye mchanga. Baba alikuwa anaita maji na maji yamechelewa.

Tangu siku hiyo Baba ameizima ile sauti. Anasema haitaki mpaka aweze kusikia yeye kwanza, peke yake, sikioni. Earphone zisizo na waya tulijaribu, zikidondoka hawezi kuzitafuta, moja imepotelea kwenye ufuta. Anataka ya waya, aivae shingoni.

Na simu yake hii, ile inayong'aa kuliko zote, haina tundu la earphone. Kile kiunganishi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji kinachomoka kila akijigeuza.

Kwa hiyo wakuu, nitajieni simu. Kioo chake sijali. Kamera sijali. Iwe na tundu la earphone la kawaida, isome Kiswahili vizuri, na betri ikae. Hata kama ni ya zamani nitaitafuta mpaka Lindi.

Aliyewahi kumhudumia mzazi asiyeona naye anipe uzoefu wake, nasoma kila komenti. Watu bado wanakuja barazani na simu zao, na Baba anawaambia wakae kidogo, Zuhura anatafuta.