Akaunti Zilizolazwa

Mchana shangazi yangu alikagua fedha zinazoingia benki kutoka nje ya nchi. Jioni alisomea siasa za kimataifa, hadi akapata udaktari. Sura moja ya tasnifu yake ilieleza jinsi vikwazo dhidi ya taifa moja vinavyowaumiza watu wa taifa jingine. Humo, akaunti iliyozuiwa kwa sababu ya vikwazo aliiita “iliyolazwa”. Ulikuwa utani wa wenzake wa benki: mwenye akaunti akija kulalamika, waliulizana chini chini, “Huyu mgonjwa wake yuko wodi gani?”

Profesa aliyemsimamia aliiba sura hiyo, akaichapisha kwa jina lake na kusifiwa kila mahali. Shangazi hakumshtaki, lakini hakusamehe.

Mwaka jana profesa huyo aliomba kazi ya ushauri katika wizara ya mambo ya nje. Kwenye jopo la usaili alimkuta shangazi, aliyealikwa kama mtaalamu wa fedha na usalama.

“Profesa, neno ‘kulazwa’ kwenye chapisho lako umelitoa wapi?”

“Hiyo ni istilahi kongwe ya wanadiplomasia.”

“Kongwe! Tulilibuni sisi pale kaunta, tukinywa chai. Tasnifu yangu hii hapa, someni tarehe.”

Wanajopo waliisoma, wakatazamana, kisha wakaangua kicheko. Kazi akaikosa papo hapo.

Mlangoni alimnong’oneza shangazi, “Dada yangu, yaliyopita si ndwele.”

“Kwako wewe,” shangazi akamjibu. “Mimi bado naumwa, na leo nimemeza dozi ya kwanza tu.”